Mafuta machafu ya moteri yanaenda wapi?

Wamama wapenzi, juma hili tuzungumze juu ya kazi tuliyozoea kuwaachia wanaume: kubadilisha mafuta ya moteri ya mashua. Inatuhusu, kwa sababu mto unaobeba mashua ndio huo huo tunamolowesha mihogo, tunamofulia na tunamochota maji ya watoto. Kutoka Kiambi, mashua zinaweza kuteremka Luvua kwa kilometa 160 hivi, mpaka kule Ankoro inapoingia Lualaba. Kinachomwagwa huku, wenzetu wa chini ya mto wanakikuta.

Moteri iliyofungwa ndani ya mashua si kama ya gari. Inakaa chini kabisa, na mara nyingi chini yake hakuna nafasi ya kuweka hata beseni. Mtu akifungua tu tundu la chini, mafuta yanatiririka ndani ya mashua, yanachangana na maji yaliyotuama, kisha yote yanachotwa na kutupwa mtoni.

Njia safi ipo. Moteri inawashwa dakika chache ili mafuta yapate moto na kuwa mepesi, halafu inazimwa. Mafuta yanavutwa kwa pompi ya mkono, mpira wake ukiingizwa katika tundu la kijiti cha kupimia, na yanakwenda moja kwa moja katika bidoni. Filta inavikwa mfuko wa plastiki kabla ya kulegezwa, maana ndani yake mafuta yanabaki. Ile mpya inapakwa mafuta kidogo kwenye mpira wake, inakazwa kwa mkono. Mafuta mapya yanatiwa, moteri inawashwa kuangalia kama inavuja, kisha yanapimwa tena. Mkiona mafuta ya zamani yametoka meupe kama maziwa, maji yameingia: safari ingoje mekanisie.

Moteri nyingi zinataka kazi hii kila saa 100 hivi, au mara moja kwa mwaka. Kitabu cha moteri ndicho kinachoamua. Chama chenye mashua yake kiweke kaye ya kuandika saa. (Mwalimu hawezi kukosa kutaja kaye!)

Sasa bidoni. Hapo ndipo mimi naogopa zaidi. Bidoni iliyobeba mafuta machafu isirudi kamwe kubeba mawese wala maji, hata ikisuguliwa kwa mchanga na sabuni. Ipigwe alama ya rangi nyekundu, ifungwe, iwekwe mbali na watoto mpaka ipatikane garaji ya kuipokea. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema mafuta ya badiliko moja tu yanaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, yaani karibu lita milioni 4.

Kwa hiyo, kabla ya kukodi mashua ya kupeleka mihogo sokoni, tukishapatana bei, tumuulize mwenye mashua: mafuta uliyotoa mara ya mwisho uliyaweka wapi? Bidoni yenyewe tuione.