Kifuniko Kimekwenda Wapi?

Nani kati yetu hajahangaika kutafuta kifuniko jikoni, kumbe kiko mfukoni mwa kaptura ya mtoto? Wanangu walipanga vizibo vya soda fungu moja, kisha wakalipiga kwa kizibo kizito walichokijaza nta ya mshumaa. Vinavyogeuka ni vya mpigaji. Vizibo vilipowaishia, wakahamia jikoni kwangu.

Mchezo huu si wa kwetu peke yetu. Katika visiwa vya Hawaii watoto waliucheza zamani kwa vifuniko vya karatasi ngumu vya chupa za maziwa. Mwaka 1991 mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Oahu, Blossom Galbiso, aliwafundisha tena wanafunzi wake. Ukaitwa POG, jina la juisi ya pasheni, chungwa na pera. Muda si mrefu ulienea Marekani nzima, na shule kadhaa zikaupiga marufuku, kwa kuwa mshindi aliondoka na mali ya mwenzake na watu wakaona ni kamari. (Kwangu niliamuru kila mtu arudishiwe vyake kabla ya chakula cha jioni. Kelele zilipungua.)

Lakini kamari siyo iliyonipa somo. Nilikuwa na mafuta ya taa katika chupa ya plastiki ya soda, chini ya meza ya jikoni. Kifuniko chake chekundu kiliwapendeza wanangu, wakakichukua. Mtoto wa jirani, wa mwaka mmoja na nusu, akaikuta chupa wazi akanywa. Tena nyumbani kwa muuguzi!

Mama yake alikuja mbio na kikombe cha maziwa. "Dada, tumtapishe!" Nikamzuia. Mafuta ya taa yakitapishwa huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamwosha ngozi kwa sabuni, tukakimbilia hospitali. Alikohoa na kuhema kwa shida siku tatu, ndipo Mungu akamponya. Nilimwomba jirani msamaha nikiwa nimepiga magoti.

Huko Kanada, daktari wa watoto Henri Breault wa mji wa Windsor alichoshwa na watoto waliomeza dawa za wakubwa. Mwaka 1967 juhudi zake zikaleta kifuniko kinachobonyezwa kwanza ndipo kizungushwe. Utakiona kwenye baadhi ya vichupa vya dawa. Ni kizuri, ila hakilindi chochote kikiwa mfukoni mwa mtoto.

Jambo jingine, wenye umri chini ya miaka mitatu wasipewe vifuniko, maana hukaba koo. Mtoto akishindwa kulia wala kukohoa, usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige kati ya mabega mara 5. Kisipotoka, mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Aliyezidi mwaka mpige mgongoni vivyo hivyo, kisha simama nyuma yake, umkumbatie na kusukuma tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Endelea kwa zamu huku mwingine akitafuta usafiri.

Baada ya siku ile niliwapa wanangu kopo lao la vizibo. Mafuta ya taa nikayahamishia kwenye kidumu chenye alama, juu ya kabati lenye kufuli. Jirani yangu aliendelea kumleta mtoto wake, lakini kwa miezi mingi alipita kwanza jikoni, akainama kuangalia chini ya meza.