UMEME WA SANDUKU LETU LA GEMU

Wazazi waliofika hapa Kate siku ya wazazi muhula uliopita waliliona sanduku refu la mbao katika pembe ya maabara ya Fizikia, lenye skrini, fimbo ya kuchezea na vitufe sita vinavyong'aa. Wengi waliuliza, "Hiki ni kitu gani, na taa zote hizi zapata wapi umeme?" Swali la kwanza ni jepesi. La pili lilitusumbua majuma matatu, na ndilo nitakalolieleza hapa.

Sanduku la gemu ni mashine ya mchezo ambayo mtu huicheza akiwa amesimama. Moja ya zilizopata sifa mapema ulimwenguni ni Pong, iliyotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1972. Sisi wa Kilabu ya Sayansi tulitengeneza letu kwa mbao za vitanda vilivyovunjika na kompyuta kuukuu ya ofisini. Mwalimu Mkuu alitupa ruhusa kwa masharti mawili: lichezwe Jumamosi alasiri tu, na kila aliyeshiriki kulitengeneza aweze kueleza kila waya wafanya kazi gani. Sharti la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Kompyuta ilipowaka na fimbo ikatii, tulifurahi sana. Lakini mtu akipata kanzu hutafuta na kofia. Tukataka utepe wa taa za kupamba, amplifaya ndogo yenye spika mbili, feni ya kupoza sanduku, na taa ndani ya vitufe. Hapo ndipo nilipoteleza.

Usiku mmoja baada ya masomo ya jioni nilichukua kigawanyo cha USB, kile kinachogeuza tundu moja kuwa manne, nikakichomeka nyuma ya kompyuta. Juu yake nikapachika fimbo, utepe wa taa na amplifaya. Vyote vikawaka. Nikaenda kulala nikijiona fundi mkubwa.

Kesho yake kijana wa Kidato cha Pili alikuwa akicheza. Muziki ulipopanda, taa zikafifia, fimbo ikakataa kutii, na mchezo ukasimama. Wenzake wakapiga kelele kwamba ameivuta fimbo kwa nguvu akaivunja. Akaondolewa katika orodha ya wachezaji, na juma zima alipita mbali na maabara kama mwizi. Mimi nilinyamaza. Moyoni nilishuku kazi yangu ya usiku ule, lakini sikutaka kuipima.

Siku hizo Mwalimu wetu wa Fizikia alitusimulia habari moja ya Pong. Mashine ya kwanza iliyowekwa katika baa moja huko California iliacha kufanya kazi, na fundi Allan Alcorn, aliyeitengeneza, akaitwa. Alipofungua alikuta mashine haina ubovu, bali kisanduku cha sarafu kimejaa kwa wingi wa wachezaji. Mwalimu akasema, "Fungua kwanza, pima, ndipo ulaumu." Aliitazama maltimita iliyokuwa mezani, wala hakunitazama mimi, lakini maneno yalinifikia. Jioni ile nikaichukua.

Na sasa nieleze nilichokiona. Umeme wafaa kufananishwa na maji ya bomba. Volti ni msukumo wa maji, ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, yaani kasi ya kufanyika kwa kazi. Sisi tulalao bwenini twajua: mabomba yote yakifunguliwa asubuhi kwa pamoja, bomba la mwisho hutoa matone tu. Si kwamba bomba lile limevunjika; wa mbele wamekunywa maji yake.

Tundu la kawaida la USB la kompyuta kama yetu limekusudiwa kutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5 tu. Kigawanyo hakiongezi umeme hata kidogo; hugawa ule ule mmoja. Utepe wetu wa taa wataka ampea 1, na amplifaya ikipaza sauti yataka ampea 1 nyingine. Jumla ni ampea 2, mara nne ya haki ya tundu, na fimbo bado haijapata fungu lake. Nilipopima muziki ukiwa chini, volti zilikuwa karibu 5. Muziki ulipopanda, zikashuka. Fimbo ikakosa umeme wa kutosha, kompyuta ikaihesabu kuwa haipo. Haikuvunjika. Ilikuwa na njaa.

Basi dawa yake nini? Ni kuchota maji katika tangi, usiyachote katika kikombe cha jirani. Tangi la kompyuta ni lile kasha la chuma liitwalo pawa saplai. Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni volti 230 wa kwenda na kurudi. Pawa saplai hupokea huo na kutoa umeme mdogo wa upande mmoja. Nyaya zake zina rangi maalumu: ya njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, na nyeusi ni njia ya kurudia, yaani hasi. Kompyuta nyingi za zamani zina plagi ya akiba ya nyaya nne, njano moja, nyekundu moja na nyeusi mbili, iliyowekwa kwa ajili ya diski. Yetu ilining'inia humo ndani bila kazi siku zote tulizokuwa tukihangaika.

Lakini hata tangi lina mwisho, kwa hiyo lazima kupiga hesabu kabla ya kuunga waya. Hii ndiyo hesabu yetu. Kwenye waya mwekundu: utepe ampea 1, amplifaya ampea 1, na taa sita za vitufe ampea 0.02 kila moja, yaani 0.12. Jumla ampea 2.12, zidisha kwa volti 5, wapata wati 10.6. Kwenye waya wa njano: feni ya ampea 0.2, zidisha kwa volti 12, wapata wati 2.4. Jumla kuu ni wati 13. Kibandiko cha pawa saplai yetu chasema waya mwekundu waweza kutoa ampea 15 na wa njano ampea 14, na jumla ya yote isizidi wati 250. Kompyuta yenyewe hatuihesabii zaidi ya wati 100. Nafasi ipo tele. Skrini haimo katika hesabu hii, kwa sababu ina plagi yake ya ukutani.

Taa za vitufe zina jambo lao. Taa ndogo nyekundu ya LED yataka volti 2 tu. Ukiipa 5 moja kwa moja, itaungua. Lazima rizista isimame mlangoni kama askari. Volti 5 ukitoa 2 zabaki 3. Gawanya 3 kwa ampea 0.02, wapata omu 150. Kila kitufe kikapata rizista yake ya omu 150, na mguu mrefu wa taa ukaelekea upande wa chanya.

Kisha tukaweka fyuzi karibu na plagi: ampea 3 kwa waya mwekundu, ampea 1 kwa waya wa njano. Msidhani fyuzi ni pambo. Waya mwembamba ukipiga shoti, pawa saplai yenye nguvu yaweza kuupasha moto hadi mbao zishike. Heri fyuzi iungue kuliko maabara. Viungo vyote tulivilehemu na kuvifunika, kwa maana waya uliosokotwa kwa vidole tu hulegea na kupata joto.

Onyo moja kubwa kwa wadogo zetu: fanyeni kazi yote plagi ikiwa imetolewa ukutani, na kasha la pawa saplai lenyewe msilifungue kamwe. Ndani yake volti 230 hugeuzwa kuwa zaidi ya 300 na kuhifadhiwa, na umeme huo waweza kubaki humo hata baada ya plagi kutolewa. Sisi twatumia nyaya zinazotoka nje tu.

Fimbo ilipobaki peke yake katika tundu la USB, haikugoma tena, hata muziki upande namna gani. Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kilabu nikasema kosa lilikuwa langu, nikamwomba radhi yule kijana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kaka, sasa naweza kucheza?" Nikampa zamu yangu. Siku hizi yeye ndiye mtunzaji wa maltimita.

Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe kupitia matundu ya chini. Kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo lenye mivukuto. Hawakudai pumzi ya tanuru moja itoshe kwa kazi zote; kila kazi walijua yataka upepo kiasi gani na utatoka wapi. Nasi tuliobahatika kuwa na vitabu na maltimita yafaa tujue hayo ya umeme wetu.

Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka. Sanduku twawaachia ninyi mnaobaki. Mkitaka kuliongezea kitu, ongezeni, lakini kwanza someni kibandiko na mpige hesabu. Na likigoma siku moja, msimtazame aliyeshika fimbo. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wenyewe huenda uliuweka wewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne