Uvira: kwenye chaguwa, mwenye balo ndiye asiyechagua

Katika masoko ya Uvira, jimboni Kivu Kusini, nguo za mitumba huitwa chaguwa. Jina hilo linasikika pia Burundi na Rwanda, na maana yake haina fumbo: mteja anainama juu ya rundo, anavuta shati, anapima mabega kwa macho, anatupa, anachukua lingine. Anachagua. Mmoja tu katika biashara hii hapewi nafasi hiyo, naye ni mama aliyenunua balo likiwa bado limefungwa.

Balo ni mzigo wa nguo uliobanwa kwa mashine, ukavishwa plastiki na kukazwa kwa mikanda. Mengi yana uzito wa kilo 45. Ubavuni kuna karatasi inayotaja kilichomo: mashati ya wanaume, nguo za watoto, mapazia, jinzi, soksi. Karatasi hiyo haisemi kama zipu zinafunga, wala kama nusu ya suruali zimekatwa kwa ajili ya watu wenye viuno vya Ulaya. Mnunuzi analipa kwanza, ndipo anakata mikanda. Akikuta madoa na kola zilizochakaa, hakuna pa kurudisha. Muuzaji wa jumla naye alilinunua likiwa limefungwa, na aliyemuuzia yeye pia vilevile.

Ndiyo maana saa ya kufungua balo ina uzito wake. Wauzaji wadogo wanaojua kazi hufika mapema, maana vitu vizuri huondoka ndani ya dakika chache. Mwenye balo anatenganisha kwa haraka: za kwanza huku, za pili kule, na zile ambazo hata yeye anaona aibu kuzikunjua zinawekwa pembeni. Hesabu ya wengi ni kwamba za kwanza zirudishe mtaji na za pili zilipe ushuru wa soko, ubebaji na chakula cha nyumbani. Faida inabaki kwenye rundo la mwisho, lile linalomwagwa chini juu ya hema na kuuzwa kwa bei ya chini kabisa. Kisichouzika hata hapo kinaishia kwa mafundi wa pikipiki, kupangusia mafuta.

Feza ya kununulia mara nyingi si ya mtu mmoja. Inatoka kwenye likelemba, au kwenye vile vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo wakaaji wa Kivu wanaviita AVEC. Mkopo unarudishwa kwa tarehe, na tarehe haingoji balo lifunguke vizuri. Kuna pia shida ya vichwa vitatu: Uvira inauza kwa franga za Congo, kwa franga za Burundi na kwa dola. Balo linahesabiwa kwa dola, lakini mteja anayetoka Gatumba na noti za Burundi mkononi analeta feza ambayo thamani yake imekuwa ikishuka. Mama anayeuza lazima ajue kubadilisha kichwani kabla hajajibu bei.

Sehemu ya nguo hizi inaanzia mbali, katika vijiji kama vya Ufaransa. Kule, kuanzia majira ya machipuko, karibu kila mwisho wa juma kuna kijiji kinachofunga barabara yake ili wenyeji wauze vitu vya zamani. Soko hilo wanaliita vide-grenier, yaani kumwaga vitu vya darini. Watu wa mjini wanaendesha magari mashambani kwa starehe, wanasimama hapa na pale, wanarudi na saa ya ukutani, sahani za bibi ya mtu au koti la miaka ya nyuma. Sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuuza katika masoko ya namna hiyo mara mbili tu kwa mwaka, na vitu vyake mwenyewe vilivyotumika. Asiyefanya biashara hasara haimuumizi sana: shati lisipouzwa, jioni linatupwa kwenye kasha la kukusanyia nguo.

Makasha mengi ya Ufaransa ni ya Le Relais, shirika lililoanzishwa mwaka 1984 kaskazini mwa nchi hiyo ndani ya familia ya Emmaüs, harakati ya Abbé Pierre. Nguo zinachambuliwa: nzuri zaidi zinauzwa palepale, zilizochoka zinakuwa vitambaa vya kusafishia, na nyingi zinauzwa nje ya nchi, hasa Afrika. Kazi hiyo inazidi kuwa ngumu. Julai 2025 Le Relais ilisimamisha ukusanyaji kwa siku kadhaa ikisema malipo ya euro 156 kwa tani hayatoshi kulipia uchambuzi, na serikali ikakubali kuyapandisha hadi 223. Sababu moja ni ile ile inayolalamikiwa mezani Uvira: nguo mpya za siku hizi ni za bei rahisi, zinashonwa zisidumu, na zinapofika mkono wa pili zimekwisha. Balo linabaki na kilo zake 45, ila ndani yake za kwanza zinapungua.

Si zote zinatoka Ufaransa, bila shaka. Uingereza, Marekani, nchi za Ghuba na sasa China zote zimo. Kwa Uvira njia inayojulikana zaidi ni ya Dar es Salaam: kontena linashuka baharini, linavuka Tanzania hadi Kigoma, kisha mizigo inapanda ziwani kuelekea Kalundu, bandari ya Uvira, au Bujumbura. Ziwa hili limezoea vitu vilivyotumika. Meli yake mashuhuri, Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927, kwa jina jipya. Mtumba wa chuma!

Balo lina pia bahati zake. Kuna jezi za timu za vijiji ambavyo hakuna mtu Mulongwe anayeweza kuvionyesha kwenye ramani, na vijana wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo: mwingine hana. Kuna makoti mazito ya baridi, ambayo kwa mtu wa ziwani ni hasara tupu, maana Uvira iko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari na joto lake linajulikana. Lakini nyuma ya mji milima inapanda hadi Hauts Plateaux, ambako usiku watu wanatetemeka, na koti la theluji likipata njia ya kupanda kule linapata mwenyewe. Mwenye jicho la biashara halitupi. Analiweka hadi mteja wa mlimani ashuke.

Mwenye balo lisilotoka mjini anasafiri nalo. Siku za soko na mwisho wa juma, wauzaji wa chaguwa wanafuata pwani kuelekea kusini, kwenye barabara ya taifa namba 5: Makobola, Swima, Mboko, hadi Baraka katika wilaya ya Fizi. Kwa macho ni safari nzuri kuliko nyingi, ziwa upande mmoja na mlima upande wa pili, samaki wa kukaangwa njiani. Kwa mfuko ni jambo jingine. Mvua ikinyesha, mito inayoshuka mlimani inakata barabara, gari linalala, na nguo zikilowa zinanuka kabla ya kufika. Wengine wanachagua boti. Boti halina mashimo, lakini lina upepo, na mara nyingi linajazwa kupita kiasi.

Maji yenyewe yamekuwa adui wa biashara hii. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye ziwa lenyewe likapanda, na mwaka 2024 likaingia tena Kavimvira, Kalundu na, ng'ambo ya mpaka, Gatumba. Nguo ni mali inayookolewa kwa shida: balo lililokunywa maji halibebeki, na likikauka lina ukungu.

Kisha vita. Tangu M23 ilipoingia Bukavu Februari 2025, barabara ya bonde la Ruzizi, iliyokuwa ikileta wateja na wauzaji wa jumla kutoka kaskazini, ilikatwa na mstari wa mapigano. Desemba 2025 kundi hilo likaingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro, sufuria. Kilo 45 zilizobanwa kwa mashine hazipandi kichwani pamoja na hivyo vyote. Kwa mama aliyekopa AVEC, mtaji wote unabaki nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli moja, na deni linavuka mpaka pamoja naye.

Wako wanaosema biashara hii ingekufa tu, ili viwanda vya nyumbani vipate pumzi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda peke yake ilishikilia: ushuru ukapanda kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaiadhibu kwa kuzitoza ushuru nguo zake. Congo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Hoja ya viwanda ina uzito, ila pwani hii haina kiwanda cha nguo kinachongoja kufunguliwa, na nguo mpya inayochukua nafasi ya chaguwa kwenye meza ni ile ya plastiki kutoka Asia, inayopasuka kabla ya muhula wa shule kwisha. Mzazi wa watoto watano anajua tofauti akiishika tu.

Kwa hiyo, barabara inapopitika, wauzaji wanafunga tena walichobakiza na kushuka kusini. Baraka ikinunua, deni la juma hilo limelipwa. Isiponunua, mzigo unarudi Uvira kwa boti, na nauli inalipwa mara ya pili.