Kifuniko cha Tatu Hakimuui Kiwavi

Swali ni lile lile kutoka Chawia hadi Werugha: “Daktari, viwavi wa kabichi wamekataa kufa, niongeze vifuniko vingapi kwenye pampu?” Nimechoka kulijibu kwa upole. Usiongeze hata kimoja.

Anayetoboa kabichi zako ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi, bingwa wa kuzoea sumu. Mwaka 1953 ilikwisha kuripotiwa huko Java kwamba DDT haimwezi tena. Ukizidisha dozi, wanyonge hufa na sugu husalia. Hao sugu ndio wanaozaliana, na kukiwa na joto kizazi kipya hutokea katika wiki mbili tatu. Na wewe unayechanganya chupa tatu katika pampu moja ya lita 20, unalipia sumu tatu kumwua mlinzi wako mmoja.

Ndiyo, unaye mlinzi. Julai 2002 watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE walimwachilia Werugha, vilima hivi hivi vya Taita, nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan. Hana haja na mtu. Jike hudunga yai ndani ya kiwavi, na buu linaloanguliwa humla kiwavi kutoka ndani. Baridi ya milimani inamfaa. Joto la Voi halimpendezi. Geuza jani utazame. Kifuko cha wavu mwembamba, bundo la kijani likionekana ndani, ni cha nondo. Kilichozibwa, cha rangi ya kahawia, mithili ya pipa dogo, ni cha nyigu. Hicho ndicho unachokipulizia kila wiki, halafu unaniuliza mbona viwavi hawaishi!

Haya, ya kufanya. Funika kitalu kwa neti. Ukishavuna, ng'oa mashina na majani yaliyobaki, uyafukie au uwape ng'ombe. Acha dania itoe maua pembeni mwa shamba, nyigu apate chakula. Kagua kwanza, pampu baadaye: matundu machache kwenye majani ya nje hayana hasara, kinachouzwa ni kichwa. Viwavi wakizidi, puliza dawa ya bakteria wa Bt jioni, kwa sababu jua huiharibu, tena elekeza chini ya majani. Humwua kiwavi anayekula jani na kumwacha nyigu. Zamu nyingine tumia mwarobaini. Vidukari usiwapigie Bt, haiwagusi.