Sonata na Takhmisa: Kuongeza bila Kufuta

Tarehe 26 Juni 1788, huko Vienna, Wolfgang Amadeus Mozart aliorodhesha katika daftari la kazi zake sonata fupi ya piano, akaieleza kuwa ni ya wanaoanza kujifunza. Ndiyo iitwayo leo K. 545. Katika miaka ya 1870 Edvard Grieg, mtunzi wa Norwei, aliitungia sonata hiyo sehemu ya piano ya pili. Mpigaji wa kwanza hupiga yale yale aliyoyaandika Mozart. Wa pili huongeza besi nzito na upatanifu wa sauti wa karne ya 19. Je, huko ni kuihuisha kazi ya marehemu au kuiharibu?

Swali hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Katika takhmisa, mshairi huchukua mistari miwili ya mtunzi mwingine, akaitangulizia mitatu yake, ukapatikana ubeti wa mistari mitano. Mfano mashuhuri ni Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi.

Kwa mwanafunzi wa Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, Vienna iko mbali, na pwani ya Lamu nayo iko mbali; Kiswahili chenyewe kilienea huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Hata hivyo, kwaya za makanisa humpa mfano ulio karibu: sauti moja hushika wimbo, nyingine huujaza bila kuugeuza.

Tofauti iko katika mpangilio. Katika takhmisa nyongeza hutangulia, na neno la mwisho hubaki la mtunzi wa asili. Katika kazi ya Grieg nyongeza na asili husikika kwa wakati mmoja, na sikio haliwezi kuzitenga kwa urahisi. Maandishi ya Mozart yamehifadhiwa, lakini wepesi wake aghalabu hufunikwa.

Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni hiki: nyongeza ikiondolewa, je, asili hubaki nzima? Kazi zote mbili zinakitimiza. Cha pili kinamhusu mwalimu: asili itangulie kusomwa au kusikilizwa peke yake, ndipo nyongeza ihukumiwe. Asiyeijua asili hawezi kujua kilichoongezwa.