Motokaa Kuukuu ya Marehemu na Bei Yake ya Haki



Ukipita katika nyua za nyumba za Mwananyamala, Magomeni, Tandika na Mtoni, si ajabu kuona motokaa kuukuu imeinuliwa juu ya mawe chini ya mwembe, matairi hayana upepo na kuku wanataga ndani yake. Nyingi katika hizo hazina thamani ila ya chuma chakavu kiuzwacho kwa kilo. Lakini mara moja moja chini ya vumbi lile huwamo kitu ambacho watu wa mbali wanakitafuta kwa udi na uvumba, na wenye nyumba hawana habari. Ikiwa mwenye motokaa hiyo amekwisha fariki, basi bei yake si jambo la mtu mmoja tena, bali ni haki ya warithi wote, na pengine wamo mayatima.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z. Ilianza kuundwa Japani mwaka 1969: motokaa ya mbio, yenye viti viwili na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Wazee wetu waliijua kwa sababu ya mashindano ya Safari, yale yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 ilishinda mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kabla ya hapo ilitamba Peugeot 404, ambayo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa kwetu, aliishindia mwaka 1966 na mwaka 1967. Tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano ya Safari ya magari ya kale peke yake, na hayo yamezidi kuyapandisha thamani. Mzee akiiona motokaa hiyo hukumbuka vumbi na makelele ya barabarani. Kijana huona kutu tu.

Sasa tazama yanayotokea. Mume amefariki, mjane yumo ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, watoto ni wadogo. Anabisha hodi bwana mmoja mwenye adabu nyingi, anatoa rambirambi, kisha anasema: “Mama, hilo gari bovu linawazibia uwanja. Mimi nitawaondolea, na milioni nne nitawapa.” Shemeji aliyesimama mlangoni anashukuru. Fedha zinahesabiwa, gari linafungwa minyororo na kuvutwa. Yule bwana anajua anachokivuta. Waliobaki hawajui walichokiuza.

Je, biashara hii ni sawa? Wako wanaojibu upesi kwamba wameridhiana, na Qur’ani katika Surat an-Nisaa, aya ya 29, imeruhusu biashara ya kuridhiana. Jibu hili lina ukweli ndani yake, nalo lataka kupambanuliwa. Katika madhhabu yetu ya Imamu Shafii, mtu mzima mwenye akili yake akiuza mali yake mwenyewe kwa bei ndogo, biashara yake husihi, wala kupunjwa peke yake hakumpi haki ya kuivunja. Lakini mali ya yatima si ya mjane wala ya shemeji. Anayemuuzia mwingine kwa uwakili, au anayesimamia mali ya mtoto, hana ruhusa ya kuuza chini ya bei ya mfano wake kwa upungufu ulio mkubwa, yaani upungufu ambao watu wa biashara hawausamehe. Akifanya hivyo, biashara ile haisihi katika fungu la yatima, hata kama alitia sahihi na kushikana mikono. Na onyo la kula mali ya yatima limo katika sura hiyo hiyo, aya ya 10, wala halina haja ya maelezo yangu.

Tena Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuulaki msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni, na muuzaji aliyenunuliwa hivyo alipewa hiari atakapofika sokoni na kuijua bei. Sisemi kwamba hukumu ya msafara ni hiyo hiyo kwa kila gari lililo uani. Lakini mwenye kufikiri ataona kufanana: anayebisha hodi msibani amewatangulia wenye mali njiani kabla hawajaliona soko.

Na ikiwa muuzaji ni mtu mzima, na fat’wa inamruhusu mnunuzi? Hapo namkumbuka Jarir bin Abdillah al-Bajali, radhi za Allah ziwe juu yake. Imepokewa katika mapokezi ya Tabarani kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe kwamba anastahili zaidi, akapandisha hadi 400, kisha akaendelea kupandisha mia kwa mia mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Ahadi hiyo yenyewe imo katika Bukhari na Muslim. Farasi wa zama zile ndiye motokaa ya mbio ya zama hizi, na mnunuzi alikuwa ndiye mwenye ujuzi.

Basi bei ya haki itajulikanaje, na motokaa za namna hii ni chache hata hazina soko la kila siku? Mimi si fundi, wala kuendesha sijui. Haya nimeelezwa na mafundi wa Gerezani wenye uzoefu wa miaka mingi. Kwanza hutazamwa namba. Datsun 240Z iliyouzwa nje ya Japani yenye usukani wa kulia, namba ya chesisi yake huanza na HS30, nayo imepigwa katika ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Namba hiyo ilingane na kadi ya gari. Injini ikiwa ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, thamani hupanda. Ikiwa imetiwa ya gari jingine, hushuka.

Pili, kutu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na kutu ndiyo adui kuliko injini mbovu, kwani injini huundwa tena, lakini bodi iliyooza humaliza fedha. Hutazamwa sakafu, vyuma virefu vilivyo chini yake, mahali pa betri, na nyuma ya magurudumu. Fundi mwaminifu hupitisha sumaku juu ya bodi: pale isiposhika, ujue bati limeliwa na pamezibwa kwa udongo wa mafundi, kisha pakapakwa rangi.

Kisha ndiyo hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nzima ya namna ile hapa nchini ingeuzwa milioni 40. Vipuri, bati na rangi vitakula milioni 22. Mnunuzi ana haki ya jasho lake na hatari anayoibeba, tuseme milioni 6. Imebaki milioni 12, na hiyo ndiyo bei iliyo karibu na haki. Akilipa milioni 4, zimepungua milioni 8. Ikiwa warithi ni mjane, mwana mmoja wa kiume na wawili wa kike, basi mjane amepoteza thumuni yake, milioni 1; mwana wa kiume milioni 3 na nusu; na kila binti milioni 1 na laki saba na nusu. Kwa binti wa Tandika hiyo ni karo ya miaka kadhaa.

Lakini warithi nao wasidhulumu. Mwezi wa Januari 2020 Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000, na habari hiyo ilienea kila mahali. Ile ilikuwa imetembea maili elfu ishirini na kitu tu, ikatunzwa kama yai. Mwenye bodi iliyotoboka hana haki ya kuitaja bei hiyo, wala ya kudai bila ushahidi kwamba gari lake “lilikimbia Safari”. Nimesikia warithi waliogombania bei ya ndoto mpaka mvua za masika mbili zikalimaliza gari lenyewe.

Dalali naye ni wakili. Akimwambia mwenye mali milioni 8 na mnunuzi milioni 11, kile kiitwacho “cha juu” si chake. Ni mali ya aliyemtuma, isipokuwa walipatana hivyo tangu mwanzo. Na kumleta mtu wa uongo atoe bei ili mnunuzi wa kweli apandishe, hiyo ni najsh iliyokatazwa waziwazi.

Vijana hupenda kusema, “Nakuuzia kama lilivyo.” Katika kauli yenye nguvu ya madhhabu yetu, maneno hayo hayamwondolei muuzaji wa gari dhima ya aibu anayoijua akaificha. Lililo bora ni kuiweka aibu wazi, kisha kuweka sharti la hiari isiyozidi siku tatu, mnunuzi alete fundi wake, na wenye mali walete wao.

Kabla ya yote, warithi wamtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Temeke kipo Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mambo ya familia na mirathi. Msimamizi auze mbele ya mashahidi, bei iandikwe, na kadi ihamishwe katika ofisi ya mapato kwa jina la mnunuzi. Fedha hizo zilipe kwanza madeni ya marehemu, kisha wasia wake, ndipo zigawanywe.

Wallahu aalam.