Je, Wajua? Projekta Ngomeni, Skrini Kilimani

Je, wajua kwamba Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, halikujali sana mipaka ya nchi tangu lilipozaliwa? Liliundwa mwaka 1997, likafanyika mara ya kwanza 1998, na likajitangaza kuwa tamasha la nchi za jahazi, yaani kokote ambako kaskazi na kusi zilifikisha chombo. Kwa hesabu hiyo Mhindi, Mwirani na Mwomani si wageni Unguja. Tuzo yake kuu ni Jahazi la Dhahabu.

Je, wajua kwamba ukumbi wake maarufu hauna paa? Ni uwanja wa wazi ndani ya Ngome Kongwe, ngome ambayo Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mwongozaji mwenye haraka huko hufunzwa subira: kabla ya magharibi kuingia, projekta haina kazi.

Usidhani ni mapenzi ya nyota tu. Majumba ya sinema yalikufa, na yalikufa katika mji ambao Bwana Jariwalla alikuwa akizungusha sinema ya kuhamahama tangu mwaka 1916! Mwaka 1921 ukafunguliwa ukumbi wa Royal, uliosanifiwa na J. H. Sinclair. Uliungua miaka ya 1950, ukajengwa upya kwa jina la Majestic, nao ukaja kuchakaa pale mtaa wa Vuga huku wapenzi wake wakihangaika kuufufua.

Je, wajua kwamba mmoja wa waasisi wa ZIFF alikuwa mwenye hoteli? Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia Mji Mkongwe, alifariki mwaka 2014. Naye Yusuf Mahmoud, aliyeshughulikia upande wa muziki katika tamasha hilo, ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililofanyika mara ya kwanza 2004 humo humo Ngomeni. Sherehe ya filamu ikazaa ya muziki, na kuna usiku wa Februari ambao mtoto humzidi mzazi kelele.

Kwangu mimi, hata hivyo, jambo kubwa la waandaaji wa ZIFF si tuzo wala wageni wenye majina. Ni kupakia projekta garini na kuipeleka vijijini Unguja na Pemba, na kuwatengea akina mama na watoto maonyesho yao wenyewe. Mama wa shamba hana nauli ya kwenda na kurudi mjini usiku, basi filamu ndiyo imfuate.

Je, wajua kwamba Martin Mhando, aliyeliongoza tamasha hilo kwa miaka mingi, ni mwongozaji wa filamu? Yeye na Ron Mulvihill ndio waliotengeneza Maangamizi, ambamo Amandina Lihamba anaigiza mgonjwa asiyesema. Mwaka 2001 ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania Oscar. Ya pili ikapelekwa lini? 2022! Ilikuwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Miaka 21 katikati, na si kwamba Watanzania walikuwa wamekaa bure. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga filamu mpya madukani kila wiki.

Je, wajua kwamba Rwanda nayo ilikuwa na skrini inayojazwa upepo? Tamasha la Filamu la Rwanda, lililoanzishwa na Eric Kabera mwaka 2005, lilijulikana kwa kupandisha skrini hiyo vilimani na kuwaonyesha wanavijiji filamu za lugha yao. Kabera ndiye mtayarishaji wa 100 Days ya mwaka 2001, filamu ya kuigiza iliyotangulia nyingine zote kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Bujumbura: tamasha la filamu la FESTICAB, lililoanzishwa 2009 na Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyeongoza Gito l'ingrat (1992), filamu ndefu ya kwanza ya Burundi.

Goma: Petna Ndaliko Katondolo na wenzake wa kituo cha sanaa cha Yole!Africa walianzisha tamasha la filamu wakaliita Salaam Kivu, katika mji unaojua bunduki na volkano kwa pamoja. Jina hilo lilihitaji ujasiri.

Sasa njoo Wakaliga, Kampala. Je, wajua kwamba Isaac Nabwana, kabla ya kuwa mwongozaji, alifyatua matofali? Utotoni sinema alikuwa akisimuliwa na kaka zake. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, akihariri kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri chakavu. Bunduki zilichongwa na kuchomelewa mtaani. Damu, mwanzoni, ilikuwa ya ng'ombe kweli, mpaka mwigizaji mmoja akaugua, wakahamia rangi ya chakula. Waigizaji wenyewe walibeba diski mlango kwa mlango, wakikimbizana na maharamia wa kunakili.

Na kama wewe ni mtu wa vibanda umiza, yaani vibanda vya video, vya Dar es Salaam, utamkumbuka Lufufu, aliyetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili huku akiongeza yake. Uganda kazi hiyo ni ya mavijei. Basi jua hili: nakala ya asili ya Captain Alex haipo, kwa sababu Nabwana aliifuta ili apate nafasi ya filamu nyingine kwenye kompyuta. Iliyobaki, na ambayo dunia imeitazama mtandaoni mara mamilioni, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akichekesha na kuinadi Wakaliwood, studio ya Nabwana, katikati ya risasi.